Mashine ya Boti Imezima Katikati ya Kilindini? Kabla Uvute Kamba Tena, Cheki Hizi

Picha ndio hii. Mmetoka Mtongwe asubuhi na boti ya faiba, mashine ni Yamaha ya kitambo, ile ya kuchanganya petroli na oili. Mko katikati ya maji, ghafla puu, kimya. Maji yanapwa, mkondo unawavuta kuelekea Likoni kwa njia ya feri, na huko nyuma kuna meli ya makontena inakuja. Buda, meli haishiki breki kama matatu.

Kwa hivyo makasia kwanza. Pigeni mpaka mtoke njia ya meli, tieni nanga pembeni, kila mtu awe na laifujaketi. Kama ni bamvua, mkondo una nguvu zaidi, msichelewe.

Sasa, wasee wengi hapo huanza kuvuta kamba kama wamepagawa. Plagi zinalowa petroli, sasa una shida mbili. Mimi na ami yangu tushaichapa hiyo upuzi nje ya Shelly Beach, karibu nusu saa, abiria wanatapika, kumbe tatizo lilikuwa kiskrubu kidogo kama kucha. Nakuja hapo.

Swali la kwanza ni moja tu: imezimaje? Jibu lake ni nusu ya kazi.

Kama ilikatika mara moja, kama mtu amezima stima, shuku umeme. Anza na ile kamba nyekundu ya kujikunja inayofungwa mkononi mwa nahodha. Ikichomoka, mashine inakufa, ndio kazi yake. Watu hufungua kifuniko na kung'oa plagi kabla ya kuangalia kamba, inauma sana. Halafu cheki waya za plagi, chumvi hupenda kuzila. Na hakikisha gia iko katikati, nyingi za hizi mashine hazikubali kuwaka zikiwa ndani ya gia.

Kama ilikohoa kwanza, ikapungua nguvu, ikafa polepole, hiyo ni mafuta. Na hapa ndio ngori nyingi ziko. Minya kile kipira kilicho kwenye mpira wa petroli. Kikibonyea na kikakataa kurudi, tanki limekosa hewa: fungua kiskrubu cha juu ya kifuniko. Ndicho hicho kilichotuaibisha na ami. Petroli ikitoka bila hewa kuingia, tanki linajifunga kama chupa ya soda unayoinyonya, na mashine inakufa njaa mafuta yakiwa tele. Kipira kikiwa laini, hakijai hata ukikiminya mara kumi, kuna hewa inaingia kwenye maungio, au tanki limekauka. Kikiwa kigumu na bado haiwaki, petroli inafika lakini kuna kizuizi mbele, filta ama kabureta.

Kikombe cha filta kikiwa na tabaka mbili, ile ya chini ni maji. Yamwage. Hii hutokea sana ukinunua mafuta ya chupa kando ya barabara. Na mchanganyiko wenyewe usikisie kwa macho: mashine nyingi za aina hii hutaka 50 kwa 1, yaani lita 20 za petroli na mililita 400 za oili. Soma yako inataka ngapi.

Ukisikia harufu kali ya petroli, umeilowesha. Rudisha choki, fungua moto mpaka mwisho, vuta mara kadhaa, ikishika punguza haraka. Usijaribu cheche ya plagi hapo, mvuke wa petroli utakuchoma wewe na boti. Na sigara, tafadhali.

Ya tatu ni ile ya kuzima ikiwa moto na nzito. Ulikuwa unaona ule mkondo mwembamba wa maji unaotoka nyuma? Ukikatika, mashine haipoi. Inua mguu wake, mara nyingi utakuta mfuko wa plastiki umeziba mdomo wa kuvutia maji, au nyavu imejifunga kwa propela. Toa, ngoja ipoe, usiimwagie maji ya bahari. Ikiwaka na mkondo usirudi, zima. Impela ya mpira imekwisha, hiyo ni kazi ya fundi nchi kavu.

Umecheki zote na bado kimya? Piga 999 mapema, kabla chaji iishe. Kikosi cha walinzi wa pwani kiko Liwatoni tangu 2018.

Ami siku hizi kile kiskrubu amekifunga uzi mwekundu, na hang'oi nanga bila kukigusa.