Simu ya Karani na Kilo Zilizopotea



Sisi tunaovuna michikichi Rumonge na kando ya Ziwa Tanganyika twaujua ubao wa mizani. Karani hupima mikungu, huandika jumla, na kila mwenye haja hutazama ubao. Siku hizi ubao huo waweza kuwa kioo cha simu, na jumla ikawa ndani ya programu. Wenzetu wametuuliza: je, mashine yaweza kukosea hesabu? Yaweza, nasi tunapenda kueleza jinsi inavyotokea.

Programu nyingi za namna hii huandikwa kwa JavaScript, lugha aliyoitunga Brendan Eich mwaka 1995. Lugha hiyo hufanya jambo moja kwa wakati mmoja. Kitufe kikibonyezwa, ujumbe ukifika, kila tukio hupanga foleni; la mbele humalizwa kabisa ndipo la nyuma lishikwe. Jumla huwekwa mahali pamoja, na sehemu za programu zinazoihitaji hujiandikisha ili ziarifiwe ikibadilika.

Kuchora kioo upya kwa kila badiliko ni kazi nzito kwa simu ndogo. Kwa hiyo mabadiliko hukusanywa fungu moja, kisha kioo huchorwa mara moja tu. Jambo hili ni jema: halimwonyeshi mtu hesabu nusunusu, kilo zimeongezeka na malipo bado ni ya zamani.

Hatari iko hapa. Tuseme jumla yako ni kilo 120, kisha mtandao ukakatika. Karani anapima mara tatu: 30, 25 na 40. Mtandao ukirudi, simu inaziingiza zote katika fungu moja. Ikiwa mwandishi wa programu ameandika "jumla mpya ni ile niliyoiona mwanzoni, ongeza uzito huu", basi kila mara anaanza na 120 ile ile. Anaandika 150, anaifuta kwa 145, anaifuta kwa 160. Haki yako ni 215. Kilo 55 zimekwenda, wala hakuna aliyeiba. (Karani wa kalamu hakuwa na kosa hili, alikuwa na yake.)

Dawa yake ni fupi: amri iseme "chukua jumla yoyote utakayoikuta, uongeze 30". Hapo kila amri hupokea kazi ya iliyotangulia. React, chombo kinachotumiwa sana na waandishi wa programu, kinazo njia zote mbili, na tangu toleo la 18 la mwaka 2022 hukusanya mafungu hata kwa majibu yanayotoka mtandaoni. MobX ni tofauti kidogo: ukisoma jumla katikati ya fungu unapata mpya, ila watazamaji huarifiwa mwishoni.

Ukitaka kuijaribu simu ya mizani kwenu, mwombe karani azime mtandao, apime mara tatu mfululizo, auwashe tena. Wewe jumlisha kwenye karatasi, kisha mlinganishe.