MMEA WA KOPONI UNAPOPUKUTISHA MAJANI

Penye njia panda ya Rodi Kopany, barabara itokayo Homa Bay kwenda Rongo inapokutana na ile iendayo Ndhiwa, kama katika miji mingine mingi ya Kenya, watu hupenda kupamba baraza zao kwa mimea iliyopandwa katika makopo, madebe na vyungu. Mmoja hupanda waridi, mwingine mti wa mpira wenye majani mapana ya kung'aa, na mwingine mlimau atakaouhamishia shambani siku zijazo. Mmea huo hupendeza kwa miezi kadhaa. Kisha majani huanza kugeuka rangi ya manjano, hulegea, na kuanguka moja moja. Mwenyewe akiona hayo husema, "Una kiu," naye huumwagilia maji asubuhi na jioni. Baada ya majuma machache mmea hufa. Mara nyingi haukufa kwa kiu, bali umeuawa na maji yale yale uliyopewa kwa huruma.

Yafaa kujua ya kwamba mizizi huvuta hewa. Katika udongo mzuri mna nafasi ndogo ndogo zenye hewa, na maji yakipita huacha nafasi hizo wazi. Kopo lisilo na matundu chini huyazuia maji, hewa hutoweka, na mizizi huanza kuoza. Mzizi uliooza hauwezi tena kunyonya maji, na kwa sababu hiyo majani hulegea hali mmea umesimama ndani ya maji. Ndiyo maana mmea uliozama hufanana sana na mmea wenye kiu, na watu wengi hudanganyika.

Udongo nao una sehemu yake. Udongo mweusi wa mfinyanzi, upatikanao kwa wingi upande wa Ndhiwa na katika bonde la Lambwe, hustawisha mazao mengi shambani, lakini ukitiwa koponi peke yake huleta taabu. Ukilowa huvimba na kunata, wala hauachi maji upesi. Ukikauka huwa mgumu kama tofali, hupasuka, na kujitenga na ukuta wa kopo. Hapo maji yakimwagwa hupita pembeni na kutoka chini, na kati pabaki pakavu.

Basi kabla ya kutia maji, mwenye mmea na achunguze. Atie kidole udongoni kiasi cha pingili mbili. Kama udongo umelowa na majani yanaanguka, asitie maji hata tone. Kama ni mkavu kabisa na kopo ni jepesi, mmea una kiu kweli; nalo kopo lenye matundu litiwe katika ndoo ya maji mpaka mapovu yakome kutoka, kisha liinuliwe na kuachwa lichuruzike.

Mmea uliozidiwa na maji hutengenezwa hivi. Kwanza, utolewe koponi taratibu pamoja na udongo wake, na mizizi itazamwe. Mizizi mizima huwa migumu, na kwa mimea mingi ni myeupe au ya rangi hafifu. Iliyooza ni myeusi, laini, yenye harufu mbaya. Hiyo ikatwe kwa kisu safi. Pili, kopo litobolewe chini kwa msumari, matundu matano au zaidi, na liinuliwe juu ya vijiwe ili maji yapate njia. Kopo lililowahi kuwa na dawa ya wadudu au mafuta ya gari halifai. Tatu, uchanganywe udongo mpya: sehemu 2 za udongo, sehemu 1 ya mchanga wa mtoni, na sehemu 1 ya mbolea ya ng'ombe iliyooza vizuri. Udongo ukiwa ule mweusi, mchanga uwe sawa nao. Nne, mmea ukiisha kupandwa, utiwe maji mara moja, uwekwe kivulini penye mwanga, na usimwagiliwe tena mpaka udongo wa juu ukauke. Mbolea nyingine isiongezwe, kwa maana mizizi migonjwa huungua nayo.

Ziko sababu nyingine za majani kuanguka. Jani moja au mawili ya chini yakizeeka na kuanguka, si ugonjwa. Mmea uliohamishwa ghafula toka kivulini kwenda juani waweza kupukutika. Tena jua la adhuhuri hulitia kopo moto na kuichoma mizizi. Wadudu weupe kama vipande vya pamba, wakaao chini ya majani, wapanguswe kwa kitambaa chenye maji ya sabuni kidogo.

Mfano mzuri ni ua dogo la zambarau lijulikanalo duniani kwa jina la Saintpaulia. Asili yake ni milima ya Usambara, Tanganyika ya zamani, na baadhi ya misitu ya pwani. Mwaka 1892 Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mtawala wa Tanga, alilipeleka kwao, na sasa hupandwa majumbani katika Ulaya na Marekani. Kwao msituni huota kivulini, katika nyufa za miamba, mahali ambapo maji hupita wala hayatuami. Wengi walipandao ng'ambo huliua kwa kulimwagilia kupita kiasi, sawasawa na mlimau wa barazani.

Mmea uliopoteza majani yote usitupwe kwa haraka. Tawi likwaruzwe kwa ukucha: chini ya gome pakiwa na rangi ya majani mabichi, tawi li hai, pakiwa pakavu na pa rangi ya kahawia, likatwe mpaka penye uhai. Machipukizi yaweza kuchukua majuma kadhaa kutokea, na wakati huo kazi kubwa ni kungoja. Mlimau uliookolewa hivyo waweza kumzalia mwenyewe matunda kwa miaka mingi. Kila siku, kidole na kitangulie udongoni kabla ya maji.