UKATA WA FEDHA SI UKATA WA AKILI

Katika nyumba nyingi za mjini, saa za jioni baada ya kazi ndizo saa ambazo jamaa hukaa pamoja, na mara nyingi hukaa mbele ya televisheni. Si vibaya. Lakini mzazi apimaye unga na sukari kwa uangalifu hana budi kupima pia kile ambacho wanawe wanakitazama. Nikiwa mtazamaji wa miaka mingi, napenda kutoa maoni yangu juu ya michezo ya aina mbili ambayo wajuzi hupenda kuibeza: filamu za maajabu zilizotengenezwa kwa fedha kidogo, na michezo ya upelelezi.

Mifupa inayopigana

Mwaka 1958 ilitoka The 7th Voyage of Sinbad, filamu inayomhusu yule baharia wa Alfu Lela Ulela. Gharama yake haikufikia dola milioni 1. Fundi wa maajabu yake, Ray Harryhausen, hakuwa na kompyuta. Alitumia sanamu ndogo zenye viungo vya chuma ndani, akawa anazisogeza kidogo kidogo, na kila zisogeapo anapiga picha moja. Picha 24 za namna hiyo ni sekunde moja tu ya sinema! Katika Jason and the Argonauts ya mwaka 1963, watu 3 wanapigana na mifupa 7 iliyofufuka ardhini. Pambano hilo la dakika chache lilimchukua zaidi ya miezi 4. Mtoto wa leo akiiona mifupa ile ikigutuka huenda akacheka. Na acheke, ila aelezwe kwamba kila mgutuko ni kazi ya mkono wa mtu.

Roger Corman yeye alikuwa mtu wa haraka. Sehemu kubwa ya The Little Shop of Horrors ya mwaka 1960 aliipiga kwa siku 2 tu. Mmea wake ulao watu hauwezi kumtisha yeyote. Hata hivyo filamu inapendeza, kwa sababu hadithi yake imesimama imara: kijana maskini anapata heshima kwa ajili ya mmea wake, na mmea huo unazidi kumdai damu. Watengenezaji wetu wanaotaja uhaba wa fedha kila hadithi zao zinapolegea wangefaa kuitazama. Kufikiri hakuhitaji mkopo wa benki.

Mpelelezi wa koti kuukuu

Katika upelelezi, wangu ni Columbo, aliyeigizwa na Peter Falk kuanzia mwaka 1968 hadi 2003. Muuaji tunaonyeshwa mwanzoni kabisa. Kinachobaki ni kuona atakavyonaswa. Mara nyingi muuaji ni tajiri mwenye jumba na elimu, naye mpelelezi ana koti lililokunjamana na Peugeot 403 iliyochakaa. Anadharauliwa, anauliza tena, na ukweli unatoka. Wasomaji wa Muhammed Said Abdulla hawatashangaa, maana Bwana Msa wa Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu cha mwaka 1960, naye alitegemea akili, si bastola.

Murder, She Wrote, iliyoonyeshwa kuanzia 1984 hadi 1996, ina sifa yake: shujaa wake ni mama mjane, mwalimu wa zamani. Lakini hapa nina onyo. Mara nyingi mkosaji akishaelezwa kosa lake hukiri papo hapo, na mambo yakaisha. Duniani sivyo. Mitaani kwetu mtu huweza kupigwa hadi kufa kwa kuitwa mwizi tu, pasipo yeyote kuuliza swali la pili.

Basi, ndugu mzazi, usizime televisheni kwa kuwa mchezo ni wa bei rahisi. Kaa na wanao, na kabla jina la mkosaji halijatajwa waulize: “Mnamshuku nani, na ushahidi wenu ni upi?” Atakayejibu la kwanza akashindwa la pili, mwambieni aendelee kutazama.