Umbo si ujirani: Topolojia tuiiteje kwa Kiswahili?

MAJUZI kijana mmoja wa Sangailu, Kaunti ya Garissa, anayejifunza kuchora ramani kwa kompyuta, alinipigia simu. "Mwalimu," akasema baada ya salamu, "hii topolojia kwa Kiswahili tunaiitaje? Nimeambiwa ni elimu ya maumbo."

Nikamwomba asubiri. Kabla ya kumpa neno, nilitaka kujua ni kazi gani iliyomfikisha huko.

Eneobunge la Ijara lina wadi nne: Sangailu, Hulugho, Ijara na Masalani. Kijana alikuwa na ramani ya wadi hizo katika muundo wa Shapefile, ulioanzishwa na kampuni ya Esri na unaotumika sana hadi leo. Alirekebisha kidogo mstari wa Sangailu, akahifadhi, kisha akaiagiza kompyuta ihesabu visima vya kila wadi. Lo! Kisima kimoja kikakosekana. Ardhini kipo, watu wanateka maji, lakini kompyuta inashikilia kwamba hakimo katika wadi yoyote.

Kisa ni hiki. Katika muundo huo, kila wadi huhifadhiwa kivyake, kama orodha ya nukta zinazolizunguka eneo lake. Basi mpaka wa wadi mbili huandikwa mara mbili, mara moja kwa kila jirani. Ukisogeza mstari wa Sangailu bila kuugusa wa jirani yake, ama unaacha ufa, ama maeneo yanapandana. Kisima kilitumbukia ufani. Wala hili si siri: maelezo ya Esri ya mwaka 1998 yanasema wazi kwamba Shapefile haihifadhi topolojia.

TopoJSON, muundo aliobuni Mike Bostock, hufuata njia nyingine. Mpaka huandikwa mara moja tu, kama uzi wenye namba yake. Wadi zote mbili huutaja uzi uleule. Moja huusoma kuanzia ncha hii, nyingine kuanzia ncha ya pili. Ukiusogeza, umesogea kwa zote mbili. Ufa utatoka wapi?

Sasa turudi kwenye neno letu. Mwaka 1735, Leonhard Euler aliwasilisha jibu la fumbo la madaraja saba ya Königsberg: je, mtu anaweza kuyavuka yote, kila moja mara moja tu? Hakujali urefu wa madaraja wala umbo la kisiwa. Aliuliza tu kipi kimeungana na kipi, akaonyesha kwamba haiwezekani. Jina topolojia lilikuja baadaye, katika andiko la Johann Listing la mwaka 1847, kutokana na neno la Kigiriki topos, yaani mahali.

Kwa hiyo "elimu ya maumbo" inapotosha. Faili ya kijana ilikuwa na maumbo tele. Ilichokosa ni ujirani. Ivute ramani kama mpira bila kuichana: maumbo yatabadilika, lakini Sangailu itabaki na majirani walewale. Hicho kisichobadilika ndicho topolojia inachokichunguza.

Pendekezo langu ni kwamba jina topolojia libaki, ila tulifafanue kuwa elimu ya ujirani na miungano. Maneno ya ndani tayari tunayo: uzi ni kipande cha mpaka, fundo ni pale nyuzi zinapokutana, na eneo ni kile kinachozungukwa.

Tena sarufi yetu inatuunga mkono. Kitenzi "pakana" kina kiambishi -an- cha kutendana, sawa na pendana na saidiana. Hakuna apakanaye peke yake. Mpaka ni mmoja, wenyewe ni wawili.

Juzi kijana alinipigia tena. Ameziba ufa, ameuandika mpaka mara moja, na kisima kimerudi katika hesabu.