Maji ya moto ya bombani yasiingie sufuriani

Mpishi mwenye haraka hufungulia koki ya maji ya moto, akajaza sufuria na kuibandika, maji ya ugali yachemke upesi. Katika nyumba yenye hita, iwe ghorofa ya Nairobi au ya Mswahili aliyehamia Chicago, mazoea haya yanaeleweka. Hata hivyo maji yale hayafai kupikia. Kama sukari inavyoyeyuka haraka katika chai ya moto, ndivyo maji ya moto yanavyokokota risasi, madini yenye sumu, kutoka kwenye mabomba ya zamani, kwenye viungo vilivyolehemewa, na hata kwenye koki yenyewe. Koki nyingi zinazong'aa kwa nje, ndani ni mchanganyiko wa shaba na zinki, na kwa miaka mingi viwanda vilitia humo risasi kidogo ili uchongeke kwa urahisi. Marekani ilipiga marufuku mabomba mapya ya risasi mwaka 1986, lakini yaliyokwisha kufukiwa yalibaki ardhini, na hadi leo mamlaka za huko huwahimiza watu wapikie maji ya baridi.

Wapo watakaosema: si yatachemka tu? Yatachemka, na vijidudu vitakufa. Risasi haina uhai wa kutolewa. Mvuke ukipaa, yenyewe hubaki katika maji machache zaidi. Haina harufu wala ladha ya kumshtua mpishi. Anayeumia zaidi ni mtoto, ambaye mwili wake hufyonza risasi anayoimeza mara 4 hadi 5 kuliko wa mtu mzima, na ubongo wake bado unajengeka. Kwa hiyo uji wa mtoto na maziwa yake ya unga ndivyo vya kwanza kulindwa.

Wengine watasema mabomba yao ni ya plastiki, na hoja hiyo ina uzito: plastiki hupunguza hatari sana. Lakini maji yaliyopita kwenye plastiki bado hutokea kwenye koki ya chuma, na kabla ya hapo yamelala ndani ya tangi la hita, mnamojikusanya mashapo na kutu. Gesi ya jikoni inayookolewa kwa kubandika maji ya moto nayo si bure, kwa kuwa hita imeshakula umeme. Asubuhi, maji yakiwa yamelala bombani usiku kucha, fungulia ya baridi mpaka yaguse mkono kwa ubaridi zaidi. Yale ya mwanzo yakinge kwenye ndoo, yatapigiwa deki.