Kuunda Garimoshi kwa Vitofali vya Kuchezea

Wengi wenu mnavijua vitofali vya LEGO, vile vya plastiki vyenye vinundu juu, ambavyo hushikamana vikibanwa kwa vidole. Wengi pia mwadhani kwamba ni vitu vya watoto wa shule ya vidudu. Katika makala hii nataka kueleza jinsi vijana na watu wazima wa nchi nyingi wavitumiavyo kuunda magarimoshi yanayokwenda juu ya reli, na jinsi sisi wa Chama cha Ufundi tunavyoifanya kazi hiyo hapa shuleni tukiwa na sanduku moja tu. Hesabu nitaieleza kuliko mambo mengine, kwa kuwa hesabu ndiyo kazi yenyewe.

Kampuni ya LEGO ilianzishwa mwaka 1932 na seremala mmoja, Ole Kirk Christiansen, katika mji mdogo wa Billund nchini Denmark. Jina lake latokana na maneno mawili ya Kidenmark, "leg godt", maana yake "cheza vizuri". Hapo kwanza walichonga vitu vya mbao. Kitofali tukijuacho leo kiliombewa hati ya uvumbuzi mwezi wa Januari 1958, na ustadi wake hauko juu kwenye vinundu bali chini, ambako mna vijibomba vinavyovibana vinundu vya kitofali kingine. Kitofali cha mwaka huo hushikana na cha leo bila shida.

Garimoshi la kwanza lenye mota lilitoka mwaka 1966, likienda juu ya reli za rangi ya buluu kwa nguvu ya betri za volti 4.5. Mwaka 1969 zikaja za volti 12, zilizopata umeme kwa reli za katikati. Tangu mwaka 1991 umeme wa volti 9 ulipita katika reli zenyewe, ambazo zilivikwa madini. Waundaji wengi walizipenda reli hizo kupita kiasi, wakajaza vyumba vyao. Kampuni ilipoziacha na kurudia betri zinazobebwa ndani ya garimoshi, watu hao walinung'unika sana, na wako wanaozitunza hata leo. Tangu mwaka 2018 mota huendeshwa kwa simu ya mkononi, bila waya.

Sasa tuje kwenye vipimo. Kutoka katikati ya kinundu kimoja hadi katikati ya kinundu jirani ni milimita 8. Kimo cha kitofali ni milimita 9.6. Viko pia vitofali vyembamba, ambavyo chamani tunaviita vibapa. Kimo chake ni milimita 3.2, yaani theluthi ya kitofali. Vibapa 5 vikipangwa juu kwa juu vina kimo cha milimita 16, na vinundu 2 vina upana wa milimita 16 vilevile. Kwa hiyo mwundaji aweza kuilaza sehemu ya kazi yake ubavuni, vinundu vikatazama upande badala ya kutazama juu, na bado kila kitu kikaingia mahali pake barabara. Asiyeijua hesabu hii ya 5 kwa 2 huunda magarimoshi yenye umbo la ngazi. Aijuaye huweza kupata ubavu laini kama bati lililopakwa rangi, na hata boila la mviringo, kwa kuzungushia vibapa pande zote nne za kiini kimoja.

Hapa ndipo kitofali kinapopishana na waya. Sote tumeunda magari ya waya na makopo tulipokuwa wadogo, na fundi mzuri wa waya namheshimu. Lakini waya uliopinda vibaya hubaki na kovu, na kopo lililokatwa halirudi. Vitofali hufumuliwa vyote, vikahesabiwa, vikarudi sandukuni kama vilivyokuwa, na kesho vikawa kitu kingine.

Asiye na kitofali hata kimoja aweza kuanza leo. Achukue karatasi ya grafu ya kawaida, ambayo kila sentimita imegawanywa mara 5. Kinundu kimoja kiwe visanduku vidogo 5 kwa upana. Kibapa kiwe visanduku 2 kwa kimo. Kitofali kizima, basi, ni visanduku 6 kwa kimo. Uwiano huo ni sahihi kabisa, hakuna kukadiria, ila mchoro utakuwa mkubwa kuliko garimoshi lenyewe kwa robo. Wenye kompyuta hutumia programu iitwayo Studio, itolewayo bure, au LDraw, ambayo Mwaustralia James Jessiman aliibuni mwaka 1995. Programu hizo ni nzuri, lakini mimi naona karatasi yafundisha zaidi, maana kompyuta hukukubalia kuweka kitofali hewani pasipo kitu cha kukishika.

Baada ya vipimo vya vitofali huja swali gumu: garimoshi litapunguzwa mara ngapi? Nafasi kati ya reli mbili za LEGO ni milimita 37.5 hivi. Reli mpya ya SGR itokayo Dar es Salaam, ambayo treni zake za umeme zilianza kubeba abiria mwaka 2024, ina upana wa milimita 1,435. Gawanya, utapata 38. Reli yetu ya zamani ina upana wa mita 1. Gawanya, utapata 27 hivi. Tazama basi taabu inayotokea: injini yenye urefu wa mita 31.7 ikigawanywa kwa 27 hutoka na urefu wa mita 1 na sentimita 17. Hapana kona ya LEGO iwezayo kuipokea injini ya namna hiyo. Kwa sababu hiyo waundaji wengi hawazifuati reli bali hufuata upana wa bodi. Wako wanaounda kwa upana wa vinundu 6, kama yalivyo mengi ya kampuni yenyewe, na wako wanaopenda 7 au 8. Vinundu 8 ni milimita 64, na behewa la upana wa mita 3 hivi likipunguzwa mara 48 hufika hapo. Reli zitaonekana pana mno chini ya tumbo la injini, lakini hilo twalivumilia. Mtu akitaka kila kipimo kiwe cha kweli, hataunda kitu.

Injini ya mita 31.7 niliyoitaja si ya kubuni. Ni Garratt ya daraja la 59, iliyokuwa mali ya Reli ya Afrika Mashariki. Ziliundwa 34 mjini Manchester, Uingereza, katika kiwanda cha Beyer, Peacock, miaka ya 1955 na 1956. Hazikupata kuundwa injini za mvuke kubwa kuliko hizo kwa reli ya mita moja. Zilichoma mafuta mazito, uzito wake ulizidi tani 250, na zilivuta mizigo kutoka Mombasa kupanda Nairobi. Kila moja ilipewa jina la mlima. Zimebaki 2 tu, nazo zimo katika Makumbusho ya Reli mjini Nairobi: namba 5918, Mount Gelai, na namba 5930, Mount Shengena. Gelai ni mlima ulio karibu na Ziwa Natron, na Shengena ni kilele cha Upareni, kwa hiyo yote miwili iko Tanzania. Zile 32 nyingine zilikatwakatwa zikawa chuma chakavu. Mtu akitaka kuijua injini hiyo bila nauli ya Nairobi, sharti aichore na aiunde.

Tena Garratt ina jambo la kumfaa mwundaji wa vitofali. Mwingereza Herbert William Garratt aliona kwamba injini ndefu haipiti kona kali, akaikata mara tatu. Mbele kuna kigari chenye silinda na magurudumu, na juu yake tangi la maji. Nyuma kuna kigari kingine cha namna hiyohiyo, chenye tangi la mafuta na maji. Katikati boila limening'inizwa baina ya hivyo viwili, halina gurudumu lolote chini yake, na kila kigari huzunguka peke yake kwenye egemeo. Injini ya kwanza ya namna hiyo ilikwenda Tasmania mwaka 1909. Shida aliyoitatua Garratt ndiyo shida yetu mezani, maana kona za LEGO ni kali kuliko kona za kawaida za reli ya kweli. Vipande 16 vya kona hufanya duara kamili, na nusukipenyo yake, hadi katikati ya njia, ni vinundu 40, yaani milimita 320.

Tuifanye hesabu. Daraja la 59 likipunguzwa mara 48 lapata urefu wa milimita 660, ambazo ni vinundu 82 na nusu. Sisi tumechukua 82. Katika mchoro wetu maegemeo mawili yako umbali wa vinundu 32, yaani milimita 256. Injini ikiwa konani, maegemeo yote mawili yako juu ya duara na boila ni mstari ulionyooka unaolikata duara. Chora pembetatu mraba: upande mrefu ni 320, upande mmoja ni nusu ya 256, yaani 128. Kwa kanuni ya Pythagoras upande uliobaki ni kipeo cha pili cha 86,016, nacho ni 293.3. Ukitoa katika 320 unabaki na milimita 26.7. Hivyo ndivyo tumbo la boila linavyoingia ndani ya kona. Ongeza nusu ya upana wa boila, milimita 32, upate 58.7. Njia mbili za LEGO zikilazwa sambamba kwa vinundu 16 katikati hadi katikati, mpaka kati yake uko milimita 64. Garratt yetu inabakiwa na milimita 5 na kidogo kabla ya kuingia kwa jirani. Yapita, ila garimoshi la njia ya ndani litakalochomoza pua lake kwenye kona litagongwa.

Magurudumu nayo yana hesabu yake. Kila kigari kina magurudumu makubwa 8, yaani ekseli 4, pamoja na madogo 4 mbele na 2 kwa ndani. Ekseli kubwa tumeziweka umbali wa vinundu 4, hivyo kutoka ya kwanza hadi ya nne ni milimita 96. Fanya tena pembetatu ileile, utaona kwamba za katikati hutoka nje ya mstari wa reli kwa zaidi ya milimita 3. Gurudumu lenye ukingo haliwezi kuvumilia hayo. Litapanda reli na injini itaanguka. Dawa yake ni kutumia magurudumu yasiyo na ukingo kwa ekseli mbili za katikati, ili yateleze juu ya reli yatakavyo. LEGO yenyewe ilifanya hivyo katika injini yake ya mwaka 2009 iitwayo Emerald Night, ambayo ina ekseli kubwa 3 na ile ya katikati haina ukingo. Fito za kuunganisha magurudumu zinahitaji uangalifu wa namna nyingine: upande wa kushoto sharti utangulie au ufuate upande wa kulia kwa robo ya mzunguko. Zikiwekwa sawasawa pande zote, magurudumu hufika mahali yakakwama, au mengine yakarudi nyuma.

Mota na betri sina haja ya kuvieleza kwa urefu. Betri hukaa katika tangi la nyuma, mota chini yake, na uzito wake husaidia magurudumu kushika reli. Sisi hatuna mota, tunasukuma kwa mkono.

Hapo ndipo palipozuka mabishano chamani muhula huu. Sanduku letu lina kona 16, reli nyofu 8, magurudumu yanayotosha kigari kimoja cha Garratt, na vitofali vya rangi mchanganyiko. Kigari cha mbele kimekwisha kuundwa, na kinapita duara zima bila kuanguka. Wenzetu wengine wanasema tukifumue, tuunde kiberenge kidogo na mabehewa mawili kwa ajili ya Siku ya Wazazi, kwa kuwa mzazi hatafurahia kuona robo ya injini. Wengine, nami nikiwa mmoja wao, tunasema kiberenge chaweza kuundwa na mtu yeyote kwa nusu siku, na vipimo vya kigari hiki vimetugharimu muhula mzima. Nakiri kwamba hoja yao ina nguvu: mwaka jana wageni walipita mezani kwetu bila kusimama. Wameshauri pia kwamba kigari kipigwe picha na kuchorwa kabla ya kufumuliwa, nami naona hilo ni la haki ikiwa tutashindwa kwa kura.

Rangi bado ni tatizo. Garratt zile zilikuwa za damu ya mzee, na tuna vitofali 19 tu vya rangi hiyo. Tumekubaliana vyote viwekwe ubavuni mwa tangi la mbele, upande utakaotazama wageni, na upande wa pili uwe mweusi na manjano.

Kura itapigwa Jumamosi ya tatu baada ya mtihani wa katikati ya muhula, saa kumi jioni, katika chumba cha Sanaa. Wasio wanachama wanaruhusiwa kusikiliza. Wanafunzi wa kidato cha kwanza na cha pili wanaotaka kuchora waje na penseli ya HB na rula. Karatasi za grafu ziko kwa mweka hazina.