Baki Si Mwisho wa Hesabu

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, upimaji wa kitaifa nchini Marekani uliwapa wanafunzi wa miaka 13 swali hili: basi moja linabeba askari 36, je, yanahitajika mabasi mangapi kusafirisha askari 1,128? Takriban asilimia 70 waligawanya sawasawa na kupata 31 baki 12. Hata hivyo, waliotoa jibu sahihi, mabasi 32, hawakufika robo. Wengine waliandika “31 baki 12” wakaishia hapo. Wengine wakaandika 31, na askari 12 wakakosa usafiri. Hesabu waliiweza, ila hawakujua namba walizopata zinasema nini. Ndiyo maana kugawanya kwa njia ndefu kunapaswa kufundishwa kwa maana tangu hatua ya kwanza.

Tuchukue 947 gawanya kwa 4. Mtoto aliyekariri “gawanya, zidisha, toa, shusha” huona tarakimu tu. Anayeelewa huona mamia 9: kila fungu linapata mamia 2, linasalia mia 1. Mia hiyo ni makumi 10; ukijumlisha na makumi 4 yaliyopo unapata 14. Kila fungu linapata makumi 3, yanasalia 2, ambayo pamoja na mamoja 7 ni 27. Kila fungu linapata mamoja 6, na baki ni 3. Jibu ni 236 baki 3. Mtoto huyu akigawanya 824 kwa 4 hataandika 26, kwa sababu anajua makumi 2 hayatoshi mafungu manne, hivyo nafasi ya makumi inashikwa na sifuri: 206.

Wapo wanaosema mtoto akariri kwanza, maana itakuja baadaye. Ni kweli kwamba mazoezi yanahitajika, na asiyejua jedwali la kuzidisha atakwama njiani. Lakini wale wanafunzi wa Marekani walikuwa wamefika miaka 13 wakiiweza kanuni, na maana ilikuwa bado haijaja. Wengine husema kikokotoo kinatosha. Kikokotoo kitaonyesha 31.333, na hakuna theluthi ya basi. Uamuzi unabaki kwa mtu.

Uamuzi huo hutegemea swali. Mayai 95 yakipangwa kwenye trei za mayai 30, tunapata 3 baki 5. Trei zilizojaa ni 3, trei zinazohitajika kubeba mayai yote ni 4, na mayai yaliyo nje ya trei zilizojaa ni 5. Hesabu ni moja, majibu matatu, yote sahihi. Kwa hiyo mwalimu au mzazi anayesahihisha daftari adai mambo mawili: mtoto azidishe na kujumlisha baki ili kuhakiki, kisha aandike sentensi moja inayojibu swali lililoulizwa. Bila sentensi hiyo, zoezi halijaisha.